Fumbeni Macho Tuwapime: Barua ya Wazi kwa Ofisi ya Ratiba

Kwa Mheshimiwa Mratibu wa Ratiba,
Kitivo cha Sayansi za Afya,
Chuo ambacho adabu inanizuia kukitaja,
Thika.

KUH: SHUKRANI KWA KUTUONDOLEA MZIGO WA USINGIZI

Mheshimiwa,

Natumaini umeamka salama. Mimi sijaamka, kwa sababu sikulala. Lakini usiudhike, barua hii ni ya shukrani, kama kichwa chake kinavyosema.

Ratiba ya muhula huu niliipokea kama watu wanavyopokea kadi ya harambee: kwa tabasamu, huku mkono mmoja ukipapasa mfuko. Jumatatu hadi Ijumaa niko zamu, saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Siku tatu kati ya hizo, darasa linaanza saa kumi na moja na nusu na kuisha saa mbili na nusu usiku. Jumamosi ni mazoezi ya maabara, saa mbili mpaka saa saba mchana. Ongeza saa mbili za barabarani kila siku, kwa sababu nalala Ruiru (samahani, naacha begi Ruiru), na usiku matatu ya kutoka Thika haiondoki mpaka ijae. Jumla ni saa 71 kwa wiki.

Kanuni za mishahara za Kenya zinampa mfanyakazi wa kawaida wiki ya saa 52. Najua utakachonijibu: yule analipwa. Kweli kabisa. Mimi ndiye ninayelipa, kwa hiyo ni haki nipimiwe zaidi.

Zaidi ya yote nakushukuru kwa Jumatano. Saa nane mchana umenipanga kliniki ya Ruiru. Saa nane hiyo hiyo umenipangia mtihani wa CAT Thika. Kati ya miji hiyo ni kilomita 20 hivi. Rais Kibaki alipoizindua Thika Superhighway mwezi Novemba 2012, tulifurahi kwamba safari imefupishwa, lakini hata yeye hakuahidi kwamba imefutwa. Nilipokuja ofisini kwako kuuliza, karani wako alinitazama kwa huruma, akaniambia, “Panga muda wako vizuri.” Nimejaribu. Tatizo ni kwamba muda huo ulikuwa umeshapangwa na wewe, mara mbili.

Naomba sasa nikueleze tunachosomea, maana huenda katika kupanga saa hujapata nafasi ya kukijua. Muhula huu tunasoma mguu. Ni kiungo cha ajabu: kila mmoja una mifupa 26, na kwa mgonjwa wa kisukari unaweza kuoza mwenyewe akipiga soga. Atakaye shahada ya mambo ya miguu peke yake anaweza kufunga safari hadi Chuo Kikuu cha Johannesburg. Huku kwetu, mguu wa mwenye kisukari mara nyingi hushikwa na muuguzi au tabibu ambaye asubuhi hiyo ameshashika malaria, mimba na jipu.

Alhamisi moja, jioni, aliletwa mzee mmoja wa Makongeni. “Guka, naomba tuvue akala,” nikamwambia. Msumari ulikuwa umetoboa soli ya tairi na kuzama kisiginoni.

“Umetembea nao tangu lini?”

“Nao nini?” akaniuliza.

Tulipomaliza kumsafisha, nikachukua kile kiuzi cha nailoni cha kupimia hisia, kinachopinda kikibeba gramu 10. Kwanza unamgusa mgonjwa mkononi ajue kinavyohisi. Kisha anafumba macho, unamgusa mguuni, na kila akihisi anasema “ndiyo.” Nikagusa kidole gumba. Kimya. Nikagusa chini ya kidole cha tatu. Kimya. Nikahamia mguu wa pili, na hapo nami nikanyamaza. Nilichokuja kuhisi ni mkono wa mzee begani kwangu.

“Daktari,” akasema taratibu, “mimi ndiye niliyeambiwa nifumbe macho.”

Wodi nzima ilicheka, na mimi nikacheka nao. Usiku, ndani ya matatu, kicheko kiliisha. Mguu unaouma una mlinzi: mwenyewe atachechemea, atapumzika, atatafuta dawa. Usiouma ndio huingia hospitalini na kidonda kilichofika kwenye mfupa. Nikajiuliza ni lini mimi niliacha kuhisi uchovu. Mwaka wa kwanza nililalamika. Mwaka wa pili nilinung’unika. Sasa mwaka wa tatu nikiulizwa hali nasema “fiti,” na nina hakika guka naye angesema hivyo hivyo kuhusu kisigino chake.

Usidhani haya ni maringo ya vijana wa siku hizi. Mwaka 1984 msichana wa miaka 18, Libby Zion, alifariki katika hospitali moja ya New York akiwa chini ya uangalizi wa madaktari wanagenzi. Babake alilivalia njuga suala la saa zao za kazi. Mwaka 1989 jimbo hilo likaweka kikomo cha saa 80 kwa wiki, na mwaka 2003 kikaenea Marekani nzima. Saa 80 bado ni nyingi, lakini angalau kuna mtu aliyekaa chini akazihesabu.

Sisi hatuna babu wala baba wa kutupigania. Madaktari wa Kenya walipogoma siku 56 mwaka 2024, wakidai pamoja na mengine wanagenzi wapangiwe vituo, walikuwa na chama. Sisi tuna kikundi cha WhatsApp, na mwakilishi wa darasa amekifunga kiwe cha matangazo pekee.

Kwa hiyo sitaki makuu. Naomba Jumatano iwe na saa nane moja. Naomba anayepanga zamu na anayepanga darasa wajuane, hata kwa kusalimiana tu. Naomba wanaolala Ruiru wapangiwe kliniki za Ruiru, ili nauli ibaki kuwa chakula. Na naomba ratiba ipite mikononi mwa mwanafunzi mmoja kabla ya kubandikwa ukutani.

Kama hayo ni mengi, basi turuhusu tuje ofisini tuwapime. Haichukui hata dakika tano na hakuna sindano. Mtakaa vitini, mfumbe macho, nasi tutawagusa polepole: hapa saa 71, hapa Jumatano, hapa yule guka. Kila mkihisi kitu, semeni “ndiyo.”

Tutasubiri. Kusubiri tumekuzoea, kila usiku tunangoja matatu ijae.

Wako mtiifu, aliyesimama,

Mwanafunzi wa utabibu, mwaka wa tatu,
Ruiru (na Thika, saa nane hiyo hiyo).