Ubovu wa Kuagizwa

Katika fani nyingi za ufundi chombo huhesabiwa kuwa kizima kinapofanya kazi yake bila kelele, lakini katika uundaji wa pedali za gitaa kwa mkono kanuni hiyo husimama kichwa chini miguu juu, kwa kuwa pedali, yaani kile kisanduku kidogo cha chuma kinachokaa sakafuni kati ya ala na amplifaya na kuwashwa kwa kukanyagwa, hununuliwa ili kuiharibu sauti ambayo haikuwa na kosa lolote. Mteja mwenye akili timamu hutoa fedha halali ili gitaa lake likwaruze, litetemeke, lijirudierudie au likoroge noti zilizokuwa zimetulia. Kwa sababu hiyo fundi wa pedali za analogi, ambazo hufanya kazi kwa umeme unaopanda na kushuka pamoja na sauti yenyewe bila kugeuzwa kuwa tarakimu kwanza, huenda ndiye fundi pekee ambaye, akisikia mlio wa kutisha ukitoka mezani pake, hulazimika kutafakari kama apongezwe au apewe pole.

Utata huo una asili inayojulikana. Mwaka 1960, mjini Nashville nchini Marekani, wakati mwimbaji Marty Robbins akirekodi wimbo wa "Don't Worry", transfoma katika mkondo mmoja wa mashine ya kuchanganyia sauti iliharibika kazi ikiendelea, na besi ya Grady Martin, iliyotarajiwa kupita kwa upole, ikatoka na mngurumo wa pikipiki iliyotoboka ekzosi. Ubovu huo ukaachwa ndani ya rekodi, wimbo ukapendwa, na kifaa kile kilipokufa kabisa fundi mitambo Glenn Snoddy akajikuta akibuni kwa transista, akishirikiana na Revis Hobbs, mashine ya kuzalisha upya hitilafu ya aina ambayo kazi yake ya kila siku ilikuwa kuiondoa. Kampuni ya Gibson iliitoa sokoni mwaka 1962 kwa jina la Maestro Fuzz-Tone, ikiinadi kuwa italiwezesha gitaa kuigiza tarumbeta na vyombo vingine vya heshima, ahadi ambayo haikuwashawishi wengi hadi mwaka 1965, Keith Richards wa kundi la Rolling Stones alipoitumia katika "Satisfaction" kama kishika nafasi cha tarumbeta zilizotarajiwa kuongezwa baadaye. Katika rekodi iliyotoka tarumbeta hazimo, na hakuna aliyezidai.

Wengine hawakungoja ajali iwafuate. Mwaka 1964 Dave Davies wa kundi la Kinks aliipasua spika ya amplifaya yake ndogo kwa wembe ili ikwaruze, tendo ambalo katika nyumba nyingi lingemalizwa kwa viboko, na katika jiji la Kinshasa kundi la Konono No. 1 la mzee Mawangu Mingiedi liliunda mikrofoni kwa sumaku zilizotolewa katika vipuri vya magari ili likembe, yaani ala ndogo zinazopigwa kwa vidole gumba, zisikike juu ya zogo la mtaa, likapata pamoja na ukubwa wa sauti mkwaruzo ambao haukuwa katika mpango, na ambao wasikilizaji wa Ulaya, albamu ya "Congotronics" ilipowafikia katikati ya miaka ya 2000, waliupokea kama uvumbuzi wa hali ya juu.

Pedali iliyoundwa kwa mkono hurithi historia hii pamoja na hasira zake. Mfano ulio wazi ni Fuzz Face, iliyoanza kuuzwa London mwaka 1966, ambayo ndani yake mna transista 2, rezista 4, za kubana mkondo wa umeme, na kapasita 3, za kuhifadhi chaji na kuchuja, idadi ndogo kiasi cha kumfanya kila anayeitazama aamini kwamba angeweza kuiunda baada ya chakula cha mchana. Kinachofichwa na udogo huo ni tabia ya transista za zamani za gerimani, madini yaliyotangulia silikoni katika kazi hii, ambazo huvujisha umeme hata zinapotakiwa kutulia, na huvujisha zaidi joto linapopanda. Transista mbili za chapa moja, zilizotoka katika pakiti moja, hazilazimiki kufanana kwa lolote zaidi ya rangi, hivyo fundi hununua nyingi, huzipima moja moja, huchagua chache zinazosikilizana, na zilizobaki huzihifadhi kwenye kopo ambalo hakuna mwenye ujasiri wa kulitupa. Pedali iliyosifiwa asubuhi chumbani penye feni huweza kukohoa jioni jukwaani chini ya taa kali, na fundi anayepigiwa simu usiku na mteja mwenye ghadhabu hana namna ya kumshauri aipeleke mahali penye kivuli bila kuonekana kuwa anamdhihaki.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya misiba ya mezani haina fahari hiyo ya kihistoria. Kisanduku cha alumini hutobolewa kwa drili matundu ya soketi, swichi na taa, na kwa kuwa vipimo huchorwa mara nyingi kwa kutazama upande wa ndani, huku matundu yakihesabiwa kwa upande wa nje, hutokea kisanduku kikakamilika kwa usahihi wa kupendeza kikiwa kimegeuzwa kama sura katika kioo, waya wa gitaa ukiingilia kushoto mahali pa kulia. Kosa la pili kwa umaarufu ni la kifuniko cha plagi: fundi huuchuna waya, huupasha moto, huulehemu kwenye plagi kwa ustadi usio na dosari, risasi ikang'aa na kutandaa inavyotakiwa, kisha macho yake yakatua kwenye kile kifuniko, ambacho kilipaswa kuvishwa kwenye waya kwanza, na ambacho kimelala pembeni ya meza tangu mwanzo kikiangalia. Mwenye waya wenye ncha huru upande wa pili hukiingiza kwa huko na kujifanya kwamba ndio mpango. Ambaye ameshaulehemu pande zote mbili hana hila, huwasha upya chuma cha kulehemu.

Linalofuata ni suala la redio. Waya mrefu wa gitaa ni antena nzuri kuliko inavyotakiwa, na transista inayokuza sauti kwa nguvu kubwa huweza pia kuchambua mawimbi ya kituo kilicho karibu, jambo ambalo ndilo hasa linalofanywa na kipokezi cha redio, ingawa chenyewe hulifanya kwa kuombwa. Matokeo ni kwamba mpigaji akinyamaza ili asikie ukimya wa pedali mpya, husikia hubiri au bei za mazao kwa mbali, katika mkwaruzo ule ule alioulipia. Tiba yake ni kapasita ndogo sana mlangoni, ya kuyapeleka ardhini mawimbi hayo, pamoja na kuhakikisha kwamba kisanduku cha chuma kimeunganishwa na ardhi ya saketi; lakini wapo wateja ambao, wakishatibiwa, hulalamika kwamba pedali imepoteza roho.

Kuhusu umeme wenyewe, busara ingependekeza unyamavu, lakini uharibifu ni mwingi mno. Pedali nyingi hutumia volti 9 kwa plagi ambayo ncha yake ya katikati ni hasi, wakati adapta nyingi za vyombo vya nyumbani, ikiwemo ile ya king'amuzi, huweka chanya katikati, na tundu halina kinywa cha kukataa. Fundi mwangalifu hutia ndani dayodi, yaani kijidude kinachoruhusu mkondo upite upande mmoja tu, ambayo katika mpangilio mmoja uliozoeleka hulinda saketi kwa kuumeza mkondo uliokosea njia hadi yenyewe iungue. Mteja huuona moshi, hunusa harufu, na kwa kuwa sekunde chache kabla ya hapo sauti ilikuwa imenguruma kwa namna ya kuvutia, swali lake la kwanza huwa kama inaweza kurudishwa pale ilipokuwa.

Swali hilo si la kipuuzi kama linavyoonekana, kwani betri inayokaribia kufa hubadilisha kweli sauti ya fazi, yaani pedali ya mkwaruzo kama Fuzz Face, na viko vyanzo vya umeme vya bei ya juu vyenye kitufe maalumu cha kuigiza betri iliyochoka. Mpiga gitaa Eric Johnson wa Texas husimuliwa kuwa na masikio yanayotofautisha betri za chapa mbalimbali, na simulizi hilo limewafanya watu wengi wasio na masikio yake wachoke bure madukani.

Kilele cha mambo haya ni gundi. Bill Finnegan wa Massachusetts, aliyeanza kuuza pedali yake ya Klon Centaur mwaka 1994, aliifunika saketi kwa epoksi ngumu ili washindani wasiione. Wakaichokonoa, wakaiona, nakala za bei nafuu zikajaa sokoni, na hata hivyo zile za asili leo huuzwa kwa maelfu ya dola. Mafundi wengi wadogo waliiga gundi kabla ya kuiga kipaji, na gundi ya namna hiyo ina sharti moja, kwamba pedali ijaribiwe kabla ya kumiminwa, kwa kuwa ikishakauka haifunguki ila kwa joto na patasi. Anayelisahau sharti hilo hubaki na tofali jeusi linalotoa sauti ya kukatikakatika ambayo haikukusudiwa, haielezeki na haiwezi kurekebishwa, na baada ya kulisikiliza kwa muda, kulipigia noti mbili tatu na kulisikiliza tena, hulitafutia jina, hulipaka rangi ya dhahabu na kulipangia bei ya juu kuliko zile nzima.