Kinanda Kibarikiwe

Namuunga mkono kila padri anayetuletea sanaa ya kisasa kanisani, na naomba Sibwesa, huku kwetu Katavi, isisahauliwe. Ngoma zimetuchelewesha mno. Mwaka 1958, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kule Kamina, Padri Guido Haazen, Mbelgiji, alipoteza muda kuwasikiliza Wakongo wakiimba Misa ya Kilatini kwa midundo ya kwao. Ikaitwa Missa Luba, dunia ikapiga makofi. Maskini, hakuwa na kinanda cha umeme! Leo kidole kimoja kinatosha: bonyeza kitufe, mpiga ngoma anatokea Japani, hali, hachoki, wala hachelewi mazoezi. Spika nazo ziizidi altare kwa urefu, Mungu asipate kisingizio. (Elia aliwahi kuwashauri manabii wa Baali wapaze sauti zaidi, ushauri mzuri haubagui dini.)

Na sanamu? Mninga wa Katavi uende mjini ukawe vitanda. Bikira Maria wetu aje wa plastiki, macho ya buluu, vitaa shingoni vikiwaka na kuzima. Mchongaji wa kijijini asinung'unike. Kwenye harambee ya kuinunua sanamu hiyo, jina lake litasomwa la kwanza.