Mbele ya Mfalme, Baba Mdogo Siyo Mzazi

Edinburgh, Januari 2026

Shikamoo Bibi, shikamoo Mama, shikamoo Baba Mdogo, shikamoo Shangazi wa Keko, na wengine wote mnaosomewa barua hii hapo barazani Mbagala Kizuiani. Ama baada ya salamu, mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali na upeo wa macho yangu. Zamani nilidhani maneno hayo tulifundishwa shuleni ili kujaza mstari wa kwanza. Sasa niko mahali ambapo mwezi uliopita jua lilikuwa linazama saa kumi kasoro dakika ishirini za alasiri, upeo wa macho yangu unaishia kwenye dirisha la jirani, na mashaka ninayo ya kutosha.

Mashaka yenyewe yanamhusu mdogo wangu, mtoto wa Baba Mdogo. Habari za kupata kwake chuo Leeds zilinifikia Jumapili usiku kwa sauti kumi na nne za WhatsApp. Kumi na mbili zilikuwa vigelegele. Moja ilikuwa ya Mjomba wa Tandika, akiuliza kama Leeds ni karibu na kwangu ili mtoto awe anakuja kula. Ni kama saa tatu kwa treni, Mjomba. Mwendo ni wa Dar na Morogoro, nauli siyo. Ya mwisho ilikuwa ya Shangazi, akisema Jumamosi wanakwenda Karume kutafuta koti, na hiyo ndiyo iliyonikalisha kuandika.

Hongera sana, mdogo wangu. Ila msinunue kitu chochote kwanza. Anzeni na hela.

Mnakumbuka ya mwaka jana. Ada ililipwa na ufadhili, ya kula na kulala nikatakiwa nionyeshe mwenyewe: kwa anayesoma nje ya London, pauni 1,136 kwa mwezi, kwa miezi tisa, jumla pauni 10,224. Kwa hela yetu ilizidi milioni 30. (Tangu Novemba kiwango kimepanda hadi 1,171 kwa mwezi, kwa hiyo wewe piga hesabu ya 10,539.) Na haitoshi kuionyesha. Inatakiwa ikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo, isishuke chini ya hapo hata siku moja.

Sasa jamani, sisi si watu wa hela kulala. Ikiingia kwa Mama asubuhi, mchana imeshakuwa gunia la mchele, jioni ni rambirambi ya Yombo, na usiku Shangazi anaipigia hodi kwa ajili ya mchezo. Kuiweka siku 28 bila kufanya kazi yoyote, mbele ya ndugu wote wanaojua ilipo, ni kama kumfunga mbuzi wa Idi barazani na kuwaambia watu wasimtazame.

Kuikusanya hakukuwa kazi kubwa kama nilivyoogopa. Baba Mdogo aliuza bajaji zake mbili, akaongeza na ile ya kupaulia nyumba ya Chamazi. Mama alitoa akiba yake ya vikoba. Shangazi zamu yake ya mchezo ilifika, akaipitisha kwetu bila hata kuihesabu. Yote tukaiweka kwenye akaunti ya Baba Mdogo, kwa kuwa ndiye mwenye akaunti inayoeleweka. Siku ya tisa, nikiwa nimeshajaza nusu ya fomu, dada mmoja wa ofisi ya wakala kule Kinondoni akaniuliza kwa upole: akaunti hii ni ya nani? Nikamjibu ya baba. Akafungua cheti changu cha kuzaliwa, akatazama, akatazama tena.

Nikamweleza. Baba alifariki nikiwa darasa la pili. Huyu ni mdogo wake, ndiye aliyenilipia ada tangu hapo, ndiye aliyekuja shule siku nilipovunja kioo, ndiye baba. Yule dada akasema ananielewa sana, hata yeye kalelewa na mama mkubwa. Lakini kanuni inataka akaunti ya mwanafunzi mwenyewe, au ya mzazi, au ya mlezi anayetambulika kisheria. Na Kiingereza kina neno moja tu la kumwekea Baba Mdogo na Mjomba wa Tandika, na kwa neno hilo wote wawili hawanihusu.

Jioni nilipoleta habari hizo, Baba Mdogo alinyamaza muda mrefu. Nilidhani amekasirika kwa kukataliwa. Kumbe kilichomchoma ni kuwekwa fungu moja na Mjomba. "Mimi na huyo?" aliuliza, kisha akaomba maji. Mjomba kwa upande wake alifurahi, akasema hatimaye kuna serikali inayompa heshima yake.

Kwa hiyo andikeni hili kwenye ukuta: safari hii Baba Mdogo ni mzazi halali mbele ya Mfalme Charles, cheti cha RITA kinamtaja, akaunti yake inakubalika, aandike tu na barua ya kuridhia. Mama yangu, aliyemnyonyesha huyo mtoto wiki mbili mama yake alipolazwa, ndiye sasa amegeuka jirani. Pole, Mama. Usiibishie fomu, haina masikio.

Sisi mwaka jana ilibidi tuihamishie kwangu na kuanza kuhesabu upya, siku ya kwanza. Nikawa tajiri wa Kizuiani asiyeweza kununua andazi. Bibi, ambaye hajawahi kuingia benki, alisikia kwamba hela iko kwenye simu, akahamishia kitanda chake chumbani kwangu kuilinda simu. Siku ya 11 Mjomba akaja na habari za giaboksi ya Noah yake. Laki tatu tu, Ijumaa anairudisha, kabla Mzungu hajaona. Nikamweleza kwamba Mzungu haangalii leo, ataangalia taarifa ya benki ya siku zote. Mjomba akasema basi huyo Mzungu ana nafasi sana.

Siku ya 23 nilikuwa kwenye daladala, tumefika Mtoni kwa Azizi Ali, ujumbe ukaingia. Makato ya mwezi. Benki imechukua elfu zake kadhaa. Na tulikuwa tumeiweka hela kamili, shilingi haizidi wala haipungui, maana Baba Mdogo ni mtu wa hesabu na aliona aibu kuweka ya ziada ikae bure. Elfu kadhaa chini ya kiwango, basi siku 23 zimeyeyuka, tunaanza moja. Sijui nilitoa sauti gani. Konda alidhani nimefiwa, akanirudishia nauli, na mama mmoja akanishika bega mpaka Zakhem.

Usiku huo aliyegonga mlango alikuwa Mjomba wa Tandika. Hakukaa. Alimpa Bibi bahasha, ndani laki tano, akasema iwekwe juu ya ile nyingine ili benki ipate cha kutafuna bila kugusa mfupa. Noah ilikaa juu ya mawe hadi Oktoba. Kwa hiyo mdogo wangu, weka ya ziada, na iwe ya kutosha, kwa sababu pauni nayo hupanda ukiwa umelala. Na kama Mjomba atakuja kuomba laki tatu ndani ya hizo siku 28, mkatalie kwa adabu, halafu mpikie.

Hayo mengine ni mepesi. Utaulizwa cheti cha kifua kikuu, maana sisi tunaotoka Tanzania tukija kukaa zaidi ya miezi sita lazima tupigwe picha ya kifua, na kwa Dar kipimo hicho kinafanyika kwa IOM, Shirika la Uhamiaji la Kimataifa. Nenda, vua shati, rudi. Usiseme mtaani. Mimi nilisema, na kabla ya magharibi majirani walishaleta maziwa, mayai na pole. Mama aliyapokea yote, akasema si vizuri kuwavunja watu moyo. Utalipa pia pauni 776 kwa kila mwaka kwa ajili ya matibabu, unalipa kabla hujaondoka. Shangazi alipouliza nitaumwa nini cha bei hiyo, sikuwa na jibu. Mpaka sasa nimeugua mafua mara mbili, na najiona nawapunja.

Haya, koti.

Lile la kwangu tulilipata Karume, mchana wa jua la Agosti, mimi nimevalishwa koti la sufu hadi magotini katikati ya watu wenye kaptula, muuzaji akinipepea kwa boksi ili nisizimie kabla ya kulipa. Alianzia elfu 45, tukaachana kwenye 25. Tulipofika nyumbani Bibi alilishika kola, akalinusa, akauliza limetoka wapi. Nyinyi wengine mnasema mitumba. Bibi bado anatumia jina la zamani, kafa Ulaya, la enzi zile watu walipoamini kwamba hakuna mtu mzima na akili zake anayegawa koti zima namna hii, lazima mwenyewe amekufa. Ikiwa linavaliwa Mbagala hana neno, maiti hafiki huku. Lakini hili linarudi kwao. "Utapanda basi," alisema, "mjane atalitambua." Akanifundisha na la kujibu: niseme nilinunua, sikujua, na poleni kwa msiba.

Koti lenyewe kumbe ni la mvua ndogo. Upepo wa mji huu unalipita kama chandarua. Ndiyo maana nasema msiende Karume. Huku kuna maduka ya hisani, watu wanapeleka nguo zao bure, yanauzwa makoti mazito kwa bei ya kuku wawili. Ni mitumba kabla haijawa mitumba. Mdogo wangu aje na sweta lolote, nitamfuata Leeds twende tukachague.

Kilichobaki ni begi, na hapa Baba Mdogo naomba unisikilize kwa makini. Kilo 23 ni kilo 23. Mwaka jana tulipima kwa yule mnunuzi wa chuma chakavu, mizani ikasoma 22 na nusu, tukapeana mikono. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mizani ya mtu anayenunua kwa kilo isome pungufu. Terminal 3 begi likasoma 27. Mnakumbuka lilivyofunguliwa mbele ya foleni nzima: kinu cha kutwangia vitunguu saumu, mbuzi ya nazi ambayo Bibi aliifunga kwa khanga ili "isionekane", chupa mbili za samli, unga wa sembe, na doti sita za khanga ambazo sijui ni nani aliziweka, kila mtu alikana. Shangazi akitoa kimoja, Mama anarudisha kingine. Mwishowe nilivaa koti na mifuko yake yote ikajazwa binzari, iliki, pilipili manga na chaja mbili. Nilipita kwenye ukaguzi nikinukia pilau, jasho linanitoka, na kila askari akanitazama kama anayetafuta jina la kosa.

Samli ilirudi nanyi, na afadhali. Vitu vya maziwa na nyama kutoka kwetu haviruhusiwi kuingia huku, iwe samli, iwe nyama ya kukausha ya Baba Mkubwa wa Mwananyamala, hata ikiapiwa. Samaki anaruhusiwa, mkavu au wa kuvuta moshi, hadi kilo 20. Narudia kwa ajili ya Mama: dagaa wanapita. Mfungieni mdogo wangu dagaa wa Mwanza kilo mbili, moja kati ya hizo ni yangu, na mseme naye ana kwa ana asije akaila yote Leeds kisha akanieleza habari za forodha.

Baba Mdogo, ile picha uliyoomba nimekutumia. Mwalimu Nyerere alisoma hapa kuanzia 1949, akamaliza shahada yake 1952, na kibao chenye jina lake kipo maeneo ya George Square. Nilikwenda siku ya mvua, ambayo ni kusema nilikwenda siku yoyote. Nimeona jibu lako: "Ukuta tu?" Ndiyo, Baba, ni ukuta. Na ni kweli Mwalimu hakuambiwa alaze hela siku 28, alikuja kwa ufadhili wa serikali ya mkoloni. Nilisimama hapo kama dakika kumi nikijiuliza nani alimfungia begi.

Jambo jingine nililosahau kukueleza. Nilipojiandikisha kwa daktari nilipewa fomu, inauliza mtu wa kupigiwa simu likitokea la kutokea, na uhusiano wetu. Nikaandika namba yako, na mbele yake nikaandika baba. Dada wa mapokezi aliichukua akaweka kwenye faili, hakuomba cheti. Kwa hiyo ikikupigia namba ndefu ya ajabu usiku, ipokee. Usidhani ni wale wa "ile hela tuma kwa namba hii".

Mwambieni Bibi mwenye koti bado hajatokea. Ila wiki iliyopita kwenye basi kuna bibi mmoja wa Kizungu alilikazia macho kuanzia kola hadi pindo, nikashuka kituo kimoja kabla ya changu.

Wenu mtiifu wa huku kwenye baridi.