Kwa Heshima ya Rufaa

Katika karatasi zote zinazotoka kwenye ofisi za umma, hakuna iliyotukanwa bila haki kama karatasi ya rufaa. Wagonjwa huilaani dirishani, ndugu zao huilaani ndani ya basi, na madaktari wenyewe huiandika kwa mwandiko wa mtu mwenye haraka ya kuisahau. Hakuna aliyekaa akayapima mema yake. Nasema mema hayo ni mengi, na nisije nikashutumiwa kwamba nimechagua kesi nyepesi, nitalichukua taya: taya la chini lililokua kupita la juu, au lililobaki nyuma yake, hata meno ya mbele hayakutani. Mwenye taya hilo tumweke Kibimba, upande wa Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera. Akipewa muhindi wa kuchoma hawezi kuung'ata. Huupukuchua kwa kidole gumba, punje akazisagia kwenye magego. Nyama huichana kwa mkono kabla haijafika mdomoni. Akitaka kusema "sita" ulimi huchungulia pengoni, na usiku hukoroma, pumzi ikakatika, akashtuka. Kinachomfaa ni upasuaji wa kuukata mfupa wa taya, kuusogeza mahali pake na kuushikiza kwa vibamba vya titani na skrubu. Kinachomngoja ni rufaa.

Fadhila ya kwanza ya rufaa ni elimu. Mtu mzima wa afya hujua njia ya shambani, ya mnadani na ya kanisani. Mwenye rufaa huijua nchi. Ngazi zimepangwa kwa utaratibu. Zahanati humwandikia kwenda kituo cha afya, kituo humwandikia kwenda hospitali ya wilaya, Nyamiaga au Murgwanza ya Waanglikana, na wilaya humwandikia kwenda hospitali ya rufaa ya mkoa. Mkoa uko Bukoba, zaidi ya kilomita 300 kuelekea kaskazini. Bukoba nako wakiona kazi hii ni ya bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya, humwandikia kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza. Basi humrudisha kusini hadi pembeni mwa Biharamulo, karibu na alikotokea, kisha likashika njia ya Geita na kuvuka ziwa juu ya Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025. Taya likiwa gumu zaidi, kuna Muhimbili. Wapo watakaosema kwamba kutoka Rusumo, mpakani na Rwanda, Kigali iko karibu kuliko Bukoba, na hilo ni kweli. Lakini kadi ya bima haivuki mpaka. Mpaka ule ule, mwishoni mwa Aprili 1994, ulipitisha wakimbizi wapatao 250,000 kwa muda wa saa 24 hivi; kadi moja ya bima haujaweza kuipitisha. Rufaa ina njia ya mkato kwa dharura, ila taya si dharura. Lililongoja miaka 20 haliwezi kushindwa kungoja Jumatatu.

Fadhila ya pili ni kubana matumizi. Mwenye taya hilo akiwa mwalimu wa Kibimba, kwa kuwa ni mtumishi wa serikali, yumo katika Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioundwa kwa sheria ya 1999 na kuanza kazi 2001. Mfuko hupokea asilimia 6 ya mshahara wake, nusu akikatwa yeye na nusu akitoa mwajiri, na kadi yake ina ruhusa ya kupanda ngazi hadi juu. Akiwa jirani yake, mkulima wa migomba na maharage, kwa miaka mingi kadi aliyoimudu imekuwa ya Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa: shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6, huduma kuanzia zahanati hadi hospitali ya mkoa. Utazame uzuri wa mpango huo. Kadi inaishia Bukoba, na kisu cha kazi hii hutafutwa kuanzia Bugando kwenda juu. Mkulima halipiwi, lakini hakuna aliyemnyima. Hakuna karatasi iliyoandikwa "hapana", hakuna wa kulalamikiwa. Amefika mwisho wa kadi tu, kama mtu anavyofika mwisho wa lami.

Wala mwalimu asijidai. Upasuaji wa taya huwa hautangulii. Hutanguliwa na waya za kunyoosha meno, kwa kawaida mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, zikikazwa kila baada ya wiki chache, na hubaki mdomoni miezi kadhaa baada ya kisu. Bila waya, daktari akiusogeza mfupa, meno yatagongana upya kwa namna nyingine. Bima nyingi duniani huziweka waya hizo kwenye fungu la urembo hata pale zinapokubali kulipia upasuaji wenyewe. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kuwa na haki kamili ya tendo la pili, mradi awe amejilipia tendo la kwanza, pamoja na nauli, gesti, na chakula cha ndugu wa kumuuguza. Mfuko unabaki na vyote viwili: sifa ya ukarimu na pesa zake. Methali imesema mvumilivu hula mbivu, na hilo linamfaa sana mtu asiyeweza kutafuna mbichi.

Fadhila ya tatu ni kutulinda na majivuno. Mlinzi wa fedha za umma akiliona taya lililopinda, shaka yake ya kwanza ni kwamba mwenye nalo anataka kupendeza. Shaka hiyo imeenea dunia nzima. Marekani, chama cha madaktari wa upasuaji wa kinywa na taya kimeweka vipimo vya kuwaridhisha watu wa bima: kwa kawaida meno ya mbele ya juu huyatangulia ya chini kwa milimita 2 hivi, na yakifikia milimita 5, au ya chini yakiwa yametoka mbele, hapo kesi inasikilizwa. Kwa hesabu hiyo mwenye milimita 4 anatafuta urembo na mwenye 5 ni mgonjwa, ingawa wote wawili wanashindwa na muhindi ule ule. Historia ya upasuaji huu, kwa bahati mbaya, haikuwasikiliza walinzi wa fedha. Daktari Simon Hullihen, katika kisa alichokitangaza mwaka 1849, alilikata taya la binti wa miaka 20 huko Wheeling, Virginia, kwa sababu aliungua shingo utotoni na kovu likalivuta taya hadi mdomo ukawa haufungiki. Katika kijiji kinachopikia mafiga matatu, mtoto wa kuungua hivyo si hadithi ya mbali. Wapo pia watoto walioanguka wakagonga kidevu, au walioumwa sikio kwa muda mrefu, kiungo cha taya kikashikamana na mdomo ukagoma kufunguka. Mbinu ya kulipasua taya la chini pande zote mbili, inayotumiwa mpaka leo, ilitangazwa 1957 na madaktari Trauner na Obwegeser. Hakuna katika hao aliyeanza na kioo. Walianza na mdomo usiofanya kazi.

Hapo ndipo wapinzani wa rufaa hunirukia. Taya, wanasema, ni chombo cha kazi kama mkono na mguu: kwalo mtu hula, husema na huvuta pumzi usingizini, na aliyevunjika mguu kwa bodaboda haulizwi kama anataka kupendeza. Ninakubali kila neno, na bado naitetea karatasi yangu, kwa kuwa nina watetezi wenzangu wenye hoja nzito kuliko kejeli. Wanauliza: kila mwenye kuumwa jino akipanda basi kwenda Muhimbili, nani atamtibu mwenye saratani ya kinywa? Mabingwa ni wachache, chumba cha upasuaji ni hicho hicho, na mfuko unaolipia kila kitu hufilisika kabla haujamlipia yeyote. Hoja hii ni ya kweli, na asiyeijibu asizungumzie bima. Lazima pawe na mchujo. Jambo la kuuliza ni mchujo unachuja nini. Mchujo wa tiba huwatenganisha wanaomhitaji bingwa na wasiomhitaji. Rufaa ya Kibimba huwatenganisha wenye nauli na wasio nayo. Atakayefika Bugando hatakuwa mwenye taya bovu kuliko wote wa Ngara. Atakuwa mwenye ng'ombe wa kuuza. Kama nia ni kupunguza foleni, njia hii inafaa kabisa. Hata bahati nasibu ingeipunguza.

Wengine hunijia kwa upole na kusema mambo yanabadilika. Tangu 2024 serikali imekuwa ikipeleka madaktari bingwa kwenye hospitali za wilaya, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, inataka kila mkazi awe na bima. Yote mawili ni mema, na hakuna linalonitisha. Kambi ya mabingwa hukaa siku chache. Waya hukaa zaidi ya mwaka. Na sheria ikimpa kila mtu kadi bila kugusa ngazi, itakuwa imewapandisha wote kwenye basi lile lile. Linalonitisha ni kumbukumbu ya Denis Burkitt. Daktari huyo wa hospitali ya Mulago, Kampala, alianza 1957 kuwatazama watoto waliovimba mataya, akaandika habari zao 1958, na 1961 yeye na wenzake wawili wakapanda gari kuukuu wakasafiri maili 10,000 hivi, hospitali hadi hospitali, Afrika Mashariki na kusini yake, wakiuliza wapi uvimbe huo upo na wapi haupo. Saratani inayoitwa kwa jina lake ilifahamika hivyo, kwa kuwa daktari alilifuata taya badala ya kulingoja. Mfano mbaya kama huo ukienea, nani ataiheshimu rufaa?

Kwa hiyo nawaomba wenye mamlaka wayakatae mapendekezo manne yanayosemwa chini kwa chini. La kwanza, kitita cha mafao kiseme wazi kwamba taya lisilotafuna, lisilofunguka au linaloziba pumzi ni ugonjwa, na kwamba waya ni sehemu ya tiba yake. La pili, picha ya eksirei na picha za meno zitumwe kwa tiba mtandao kutoka Ngara hadi kwa bingwa, aseme nani aje na nani asije kabla mtu hajauza ng'ombe. La tatu, atakayeitwa aende moja kwa moja Mwanza kwa barua moja, bila kupitia Bukoba. La nne, nauli ihesabiwe kuwa gharama ya tiba, kwa kuwa dawa isiyofikika haijalipiwa na mtu. Hakuna kati ya hayo linalohitaji daraja jipya wala ghorofa jipya. Yote yanamalizika mezani, na ndiyo maana yananitia hofu. Yakikubaliwa, rufaa itapoteza hadhi yote niliyoieleza, na hakitabaki chochote ila barua ya daktari mmoja kwa mwenzake kuhusu mgonjwa.