Maharage ya Utafiti na Wageni wa Posa

Nilikuwa nasomea ualimu Kasulu, na likizo ile tuliagizwa kila mmoja arudi na utafiti mdogo kutoka kwao. Nilichagua maharage. Kwetu Kibondo, kama Buha yote, maharage ni mboga, ni ada ya shule, ni mbegu ya msimu ujao. Nilitaka kujua ni njia gani inazuia fukusi kwa gharama ambayo Mama anaimudu.

Nikayagawa mavuno mapya mafungu matatu. Fungu moja nililichanganya na majivu makavu yaliyochekechwa, kama afanyavyo Bibi. La pili nililitia kwenye mfuko usiopitisha hewa, nikaukaza mdomo. La tatu likaingia kwenye ndoo hivihivi, la kulinganishia. Hilo la tatu ndilo lililozua maneno.

"Mwanangu, unafuga wadudu kwa chakula chetu?" Mama aliuliza, na alikuwa na haki ya kuuliza.

Basi jioni moja, soko limeshafungwa, wakaingia wageni kutoka Kasulu na posa ya dada yangu. Shangazi akaenda stoo, akachagua kilichofungwa vizuri kuliko vyote. Nilipomaliza kuwapokea wageni mizigo, maharage ya mfuko yalikuwa yanatokota.

"Shangazi, hayo ni ya utafiti!"

"Na hawa ni wakwe," akanijibu, huku akikata vitunguu.

Mfuko ule huua fukusi kwa kuwanyima pumzi: hewa iliyomo wanaimaliza wenyewe, na nyingine haiingii. Ukifunguliwa, walio hai wanapata nafasi ya kuendelea. Na tangu usiku ule ulifunguliwa tena na tena, kwa kuwa mazungumzo ya mahari hayaishi kikao kimoja.

Siku ya kukagua nilimwaga kila fungu kwenye ungo. Ya ndoo yalikuwa yametobolewa matundu ya duara, punje moja matundu mawili matatu, unga mweupe ukibaki vidoleni. Fukusi walikuwa wamehamia mpaka gunia la mbegu, na nyumba nzima tukakaa kupepeta. Ya mfuko yalibunguliwa kiasi. Ya majivu, ingawa Bibi aliyachota kila alipotaka, yalikuwa karibu salama. Majivu hujaza nafasi kati ya punje, mdudu akakosa pa kupita, na humkwaruza ngozi hadi akakauka.

Wenzangu walinishauri niifiche habari ya posa. Nilikataa. Nyumba hupata wageni, na njia ya kuhifadhi chakula lazima ipimwe pamoja na wageni wake. Kwa hiyo niliandika yote: maharage ya kuchota kila siku yatiwe majivu, gunia linalosubiri bei lifungwe kwenye mfuko, lisiguswe. Msimamizi wangu aliipokea ripoti ilivyo.

Mama amehifadhi hivyo tangu mwaka ule. Dada yangu, huko Kasulu alikoolewa, anafanya vivyo hivyo.