Sanduku la Mjomba na Friza ya Samaki

Masika yalilifumua bati juu ya chumba cha mjomba, na kabla ya adhana ya alfajiri maji yalikuwa yameshafika uvunguni mwa kitanda, lilipokaa sanduku lake la ubaharia. Tunaishi naye hapa Majengo, Mombasa, tangu alipostaafu. Sanduku lile halikuwa na dhahabu wala hati ya shamba. Lilijaa vitabu vya katuni za mashujaa, alivyokuwa akinunua kila meli yake ilipotia nanga Marekani miaka ya 1970, kwa senti 25, 30 au 35 kimoja.

“Dada,” alimwambia mamangu, “mali yangu imezama.”

Mama aliposikia mali alikuja mbio na taa. Alipoona ni katuni, alishusha pumzi, akasema zikikauka apewe muuza karanga afungie vifuko. Mjomba hakujibu. Aliletewa chai ya tangawizi, ikapoa mbele yake. Sisi tunaomjua tulielewa kwamba nyumba imeingiwa na msiba.

Dada yangu akatokea na pasi. Mke wangu, ambaye ni mkutubi, aliiwahi kabla haijachomekwa kwenye umeme. Karatasi mbichi haipigwi pasi, alisema: moto huikausha ikakunjamana, na majalada yale yanayong’aa hugandana moja kwa moja. Tena kwa joto la pwani ukungu huanza ndani ya siku 2 tu, nasi hatukuweza kukausha sanduku zima kwa muda huo. Dawa ilikuwa kuvigandisha vyote kwanza, kisha kuvitoa vichache vichache.

Kugandisha maana yake friza. Na friza ya nyumba hii ni ya Mama, ndiyo duka lake, nayo ilikuwa imejaa changu na pweza wa kuuza wiki nzima.

“Samaki wangu watoke,” Mama aliuliza, “waingie watu waliovaa chupi juu ya suruali?”

Mjomba akainua kitabu kimoja kutoka kwenye rundo, akakifungua taratibu kwa vidole viwili. Kilikuwa toleo la marudio la kisa cha Spider-Man kilichotoka kwanza katika namba 33, yenye tarehe ya Februari 1966 jaladani, kilichochorwa na Steve Ditko. Kijana amelaliwa na mtambo wa chuma chini ya maji. Dari inavuja. Dawa ya shangazi yake aliyemlea iko hatua chache mbele yake, na mkono haufiki. Mjomba alimwonyesha Mama jinsi mchoraji alivyoipanga shida ile: fremu za mwanzo ni finyu, zimembana kijana kama alivyobanwa na chuma; kila anapojikaza, fremu zinapanuka, mpaka anapounyanyua mtambo, na picha moja inajaza ukurasa mzima, maji yakimwagika pande zote.

Mama aliuangalia ukurasa ule kwa muda mrefu. “Dawa alimfikishia?”

“Alimfikishia.”

“Toeni samaki,” akasema Mama.

Siku ile mtaa wetu ulikula. Karai halikuteremka jikoni tangu asubuhi hadi isha. Changu wa kukaanga, pweza wa nazi, majirani wakipokea sahani dirishani na kuuliza kuna harusi gani. Ndani, watoto na mimi tulivifunga vitabu kimoja kimoja kwa karatasi ya kuokea, tukavipanga kwenye friza iliyosuguliwa kwa limau.

Kisha ikaanza kazi ya kukausha: vichache kwa siku, kila kurasa chache zikitenganishwa kwa karatasi nyeupe kavu, feni ikizunguka, ubao juu yake ukizuia kukunjamana. Kazi hiyo haina njia ya mkato, na ndiyo iliyotufanya tuone kile ambacho msomaji wa haraka hukipita. Kwanza tulishangaa kwamba rangi hazikuchuja. Mke wangu akaeleza: wino wa mitambo ile ulikuwa wa mafuta, na maji hayauyeyushi. Karatasi ilikuwa hafifu, ile ya magazeti, iliyosagwa kutoka kwenye mti na ambayo hugeuka kahawia kwa umri. Mchoro ulikuwa imara kuliko kitu kilichoubeba.

Binti yangu aliweka kioo cha kukuzia juu ya joho la shujaa akaona vitone. Rangi zote za vitabu vile zilitokana na wino wa aina 4 tu: manjano, samawati, nyekundu ya waridi na nyeusi. Rangi nyingine zilipatikana kwa kuvichanganya vitone, na kazi ya kuzitenga ilifanywa kwa mkono, sana sana na wanawake, huko Bridgeport, Connecticut. Majina yao hayakuchapwa popote ndani ya kitabu.

Mwanangu wa kiume alishikilia Black Panther ya mwaka 1977, kazi ya Jack Kirby, mtoto wa wahamiaji maskini aliyezaliwa New York mwaka 1917. Katika kurasa za Kirby ngumi inatoka kwenye karatasi ikikujia usoni, mashine zinajaza upeo, na nguvu isiyoonekana huchorwa kwa mafungu ya madoa meusi yanayochemka angani. Aliyejua kwamba kazi yake itachapwa kwenye karatasi duni alichora mstari mnene, kivuli cheusi tii, mwili uliojipinda kwa namna ambayo hata chapa mbaya haiwezi kuuficha. Kitabu kilitengenezwa kisomwe na kutupwa. Mchoraji aliweka humo kazi isiyostahili kutupwa. Hilo ndilo alilolijua mjomba alipokuwa akivipanga sandukuni badala ya kuviacha melini.

Watoto walimjua Spider-Man kwa filamu, wala hawakuwahi kulisikia jina la Ditko. Basi mjomba, chai yake sasa ikiisha mapema, akawasimulia ya wabunifu wenyewe. Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wa Cleveland, waliuza haki za Superman mwaka 1938 kwa dola 130. Mwaka 1975 ndipo walipopata malipo ya uzeeni na majina yao kurudishwa kwenye kazi yao. Kirby alidai kurasa zake za asili kwa miaka, na mwaka 1987 akarudishiwa sehemu tu.

“Wameokoa ulimwengu mara ngapi humu ndani,” Mama aliuliza akifuta mikono, “na wenyewe hawakuokolewa?”

Bati limezibwa. Sanduku jipya liko juu ya kabati, na kila kitabu kina bahasha yake. Binti yangu alipoanza kuziandika, alianza na majina ya mashujaa. Mama ndiye aliyemzuia. Kwa amri yake, kila bahasha ya nyumba hii ina jina la mchoraji juu, kwa herufi kubwa, na la shujaa chini yake.