Kiingereza cha Neno Moja: Mwongozo kwa Wenye Haraka

Usaili ni kesho saa tatu asubuhi. Kwenye wasifu wako umeandika, kwa mkono wako mwenyewe, kwamba Kiingereza unakimudu vizuri sana. Tulia. Kamusi irudishe kabatini, wakati wake ulipita tangu ukiwa kidato cha pili. Unachohitaji ni neno moja tu: "get".

1. Vitenzi vyako vyote viache nyumbani. Mwingereza akinunua maziwa, ni "get". Barua ikimfikia, "get". Akifika nyumbani, akishikwa na mafua, akioa, akiachika, akizeeka, ni "get" ileile. Usimcheke. Wewe mwenyewe unapiga simu, unapiga pasi, unapiga mswaki na unapiga kura, na hakuna anayeumia. Tena usilionee haya, maana hata yeye kalipokea kwa wageni: neno hili lilitoka kwa Waviking, waliokwenda Uingereza kupora mwishoni mwa karne ya 8, kisha wakalowea.

2. Wakati uliopita ni "got". Wamarekani wanayo pia "gotten", ambayo Waingereza wengi waliiacha zamani. Ukikosea mbele ya Mwingereza, dai ulifundishwa na Wamarekani. Ukikosea mbele ya Mmarekani, geuza. Omba tu wasiwe wote wawili kwenye jopo moja.

3. Jifunze kuelewa bila kuelewa. Mwenyekiti wa jopo akimaliza maelezo marefu ambayo hukuambulia kitu, inamisha kichwa taratibu, kunja uso kidogo, nyamaza kama mtu anayepima jambo zito, kisha sema: "I get it." Usiharakishe. Anayeelewa upesi mno huulizwa swali. Vijana wa Nairobi hilo wamelimaliza kabisa, wanasema "nime-get" na mazungumzo yanaendelea. Na ukiulizwa swali, unayo silaha kubwa kuliko zote: "Let me get back to you." Maana yake ni kwamba utaleta jibu baadaye. Maofisini kila mtu anajua jibu hilo haliji, na hakuna aliyewahi kulidai kwa ukali.

4. Sasa mikia. Hapa ndipo wenzako wengi walipoangukia, kwa hiyo sogea karibu. "Get" hupenda kuburuta kineno nyuma yake, na hicho kineno ndicho kinachoamua heshima yako. Chukua "get off". Kwenye basi ni kushuka. Mahakamani ni kuponyoka adhabu. Ukimwambia mtu aliyekushika bega, unamwamuru akuachie. Sasa jopo linakuuliza kuhusu bosi wako wa zamani, nawe unataka kusema mlielewana vizuri. Sentensi ni "I got on with him." Ulimi ukiteleza, badala ya "on" ikatoka "off", Mwingereza wa pale kwenye jopo ameelewa kwamba wewe na bosi mlikuwa mkibusiana. Atakunywa maji. Ataandika kitu.

Dawa ni kukohoa. Sema "I got", kohoa vizuri kwa ngumi mdomoni, malizia "with him". Kila msikilizaji atajiwekea mkia anaoupenda.

5. Maandishi ni hadithi nyingine. Walimu wa Kiingereza, hata hukohuko Uingereza, hulikata neno hili kwa wino mwekundu, wakisema ni la wavivu. Wewe andika "obtain". Ni "get" iliyovaa suti.

6. Tuseme umefaulu (yametokea makubwa kuliko hayo), na wakubwa wamekualika chakula cha mchana kukukaribisha. Sikiliza hapa kuliko pote. "I'll get it" ni maneno matatu yasiyo na hatia. Simu ikiita, maana yake naipokea mimi. Mlango ukigongwa, nafungua mimi. Lakini sahani za nyama choma zikishaondolewa, mhudumu akaweka kile kijitabu cheusi katikati ya meza, maneno hayohayo yana maana ya kwamba bili yote ni yako, pamoja na soda za dereva. Nawe ulikuwa unataka kuonyesha tu kwamba umeelewa utani wa mkurugenzi! Kati ya "I get it" na "I'll get it" kuna kisauti kidogo cha ulimi kugusa ufizi. Chunga huo ulimi.

Kama umeshateleza, na kijitabu kinasogezwa upande wako huku wote wakikushukuru, tazama saa, shtuka, simama, sema "I've got to go." Chukua koti lako. Usikimbie mpaka upite mlango wa nje.